Mtaa wa I'On: nyumba mpya zenye sura ya kale Kusini mwa Marekani

Ukiingia kwa mara ya kwanza katika mtaa wa I'On, mjini Mount Pleasant, jimbo la South Carolina, unaweza kudhani umefika mahali palipojengwa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nyumba ni za mbao, nyingi zina rangi nyeupe au rangi hafifu, zimeinuliwa juu ya ardhi na zina vibaraza vipana vinavyotazama barabara. Ukweli ni kwamba ujenzi wa mtaa huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wasikilizaji wetu wenye ndugu Marekani wamekuwa wakituuliza kuhusu mitaa ya namna hii: ni ya kale au ni mipya? Kwa nini watu wajenge leo nyumba za enzi za mababu? Katika makala haya tunaeleza ilikotoka sura ya nyumba hizo, kwa nini imerudi, na mgogoro wa ardhi uliopo karibu nayo.

Nyumba ya jadi ya Kusini ikoje?

Majimbo ya Kusini mwa Marekani, hasa yale ya pwani kama South Carolina, Georgia, Florida na Louisiana, yana joto kali na unyevu mwingi wakati wa kiangazi. Kabla ya umeme, nyumba yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya feni.

Dari iliwekwa juu sana ili hewa ya moto ipande mbali na watu. Madirisha yalikuwa marefu, yakipangwa kwa kutazamana ili upepo upite moja kwa moja. Nyumba iliinuliwa juu ya nguzo za matofali ili hewa ipite chini yake na maji ya mafuriko yasiingie ndani. Kibaraza kipana kilizuia jua lisipige ukuta, na jioni kilikuwa sebule ya familia.

Aina zake ni nyingi. Katika jiji la Charleston ipo nyumba yenye upana wa chumba kimoja tu. Upande wake mwembamba ndio unaotazama barabara, na kibaraza kirefu kimekaa ubavuni, mara nyingi upande wa kusini au magharibi. Mlango wa barabarani haukuingizi ndani ya nyumba. Unakuingiza kibarazani kwanza.

Vijijini kulikuwa na nyumba ya sehemu mbili zilizotenganishwa na ujia wazi katikati, chini ya paa moja. Msikilizaji wa Tanga au Bagamoyo atakumbuka nyumba ya Kiswahili, yenye korido inayotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa huku na huku. Nyumba hizi mbili hazina undugu, lakini joto liliwafanya wajenzi wa pande zote mbili watafute njia ya upepo.

Vibaraza vilitoweka vipi?

Mashine ya kupoza hewa ilibuniwa na mhandisi Willis Carrier mwaka 1902, lakini viyoyozi vilianza kuenea majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwenye kiyoyozi alifunga madirisha na kuingia ndani. Wakati huohuo magari yaliongezeka, na mitaa mipya ikajengwa mbali na katikati ya miji. Mbele ya nyumba pakawekwa gereji, na kibaraza kikapungua hadi kuwa kizingiti cha kusimama mtu mmoja.

Kufikia miaka ya 1980, baadhi ya wapangaji wa miji walianza kulalamika kwamba majirani hawafahamiani tena. Mwaka 1981 mwendelezaji Robert Davis alianzisha mji mdogo wa Seaside, pwani ya Florida, kwenye ekari 80 alizorithi kwa babu yake. Wasanifu Andrés Duany na Elizabeth Plater-Zyberk waliandika kanuni za ujenzi: nyumba ziwe na vibaraza vya mbele na uzio mfupi wa mbao, na maduka yawe umbali wa kutembea kwa miguu. Filamu ya The Truman Show ya mwaka 1998 ilipigwa huko, na watu wengi duniani wameuona mji huo bila kujua jina lake.

I'On ilivyojengwa

I'On ilifuata njia hiyohiyo. Iko kwenye ekari zipatazo 243, ng'ambo ya mto Cooper kutoka Charleston, na ina nyumba takriban 760. Jina lake linatokana na Jacob Bond I'On, mwenye shamba wa zamani wa eneo hilo. Barabara zake ni nyembamba kwa makusudi ili magari yaende polepole. Nyumba zimekaribiana na zimesogezwa karibu na njia ya waendao kwa miguu, hivyo aliyekaa kibarazani anaweza kumsalimia mpita njia bila kupaza sauti.

Mradi haukupita kirahisi. Wakazi wa jirani waliogopa msongamano wa magari na watu. Mpango wa awali ulikuwa na nyumba za ghorofa za kupangisha, ambazo wenye kipato cha kawaida wangeweza kuzimudu. Mpango ulioidhinishwa na madiwani mwaka 1997 haukuwa nazo tena. Wapinzani walitaka suala hilo liamuliwe kwa kura ya wananchi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 2000 mahakama hiyo iliamua kwamba matumizi ya ardhi ya mji hayawezi kupangwa kwa njia hiyo ya kura.

Mtaa ulijengwa na ukapendwa mno. Leo nyumba nyingi za I'On huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Mwalimu au muuguzi anayefanya kazi Mount Pleasant hawezi kununua kibaraza hapo kwa mshahara wake.

Nani alijenga nyumba za asili?

Huwezi kueleza nyumba za jadi za Kusini ukaacha utumwa. Charleston ilianzishwa mwaka 1670, na wengi wa walowezi wake wa mwanzo walitoka kisiwa cha Barbados. Jiji hilo likawa bandari kuu ya kuingiza Waafrika waliotekwa. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi, na ujuzi wao wa kilimo cha mpunga ndio uliotajirisha mashamba ya eneo hilo. Boone Hall, shamba lililopo Mount Pleasant, lilitengeneza matofali kwa kazi ya watumwa, na vibanda tisa vya matofali walivyoishi bado vimesimama.

Mchango wao haukuwa wa nguvu za mikono peke yake. Mtafiti John Michael Vlach alionyesha kwamba nyumba nyembamba ya vyumba vilivyofuatana mstari mmoja, inayoonekana sana New Orleans, ilipitia Haiti na ina mizizi Afrika Magharibi. Desturi ya kupaka dari ya kibaraza rangi ya samawati inahusishwa na Wagullah-Geechee, wazao wa watumwa hao, walioamini kuwa rangi hiyo hufukuza mizimu. Sisi wa mwambao tunaifahamu hali hii: majumba ya mawe ya Unguja nayo yana jasho la watumwa ndani yake.

Ardhi isiyo na wosia

Baada ya utumwa kufutwa, Wagullah-Geechee wengi walinunua mashamba madogo kuzunguka Mount Pleasant na kuanzisha vijiji kama Phillips na Snowden. Vijiji hivyo bado vipo. Kando ya Barabara Kuu ya 17 wanawake wake huuza vikapu vya ukindu wa pwani, kazi iliyotambuliwa mwaka 2006 kuwa sanaa rasmi ya mikono ya jimbo.

Tatizo lao ni hati. Babu alifariki bila wosia, ardhi ikawa ya watoto wote, kisha ya wajukuu wote. Kwa miaka mingi sheria ilimruhusu mrithi mmoja, hata anayeishi mbali, auze fungu lake kwa mwendelezaji. Mnunuzi huyo alikwenda mahakamani kuomba mgawanyo, shamba lote likapigwa mnada, na familia ikahama. Kadiri mitaa ya kifahari ilivyoongezeka, ndivyo bei na kodi ya ardhi ya jirani zilivyopanda.

Mwaka 2016 South Carolina ilipitisha sheria iliyopewa jina la Clementa Pinckney, seneta na mchungaji aliyeuawa kanisani Charleston mwaka 2015. Sheria hiyo inawapa warithi wengine nafasi ya kwanza ya kununua fungu la anayetaka mgawanyo, kwa bei iliyothaminiwa, kabla mahakama haijaamuru kuuza. Haiwapi hati wasio nayo, lakini inawapa muda.

Tunajifunza nini?

Katika viwanja vipya vya miji yetu, kitu cha kwanza kujengwa siku hizi ni ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Baraza limebaki mitaa ya zamani. I'On inaonyesha kwamba baraza linaweza kurudishwa kwa kanuni za mipango miji, na kwamba nyumba iliyotazama upepo bado inafaa. Inaonyesha pia kwamba mtaa wa kusalimiana ukijengwa bila nyumba za watu wa kipato cha kawaida, wanaosalimiana watakuwa matajiri watupu.

Kwa familia yenye shamba la babu lisilo na wosia, yaliyowakuta majirani wa I'On ni sababu tosha ya kukaa kikao cha warithi, kuandika majina ya wote na kwenda ofisi ya ardhi kabla mnunuzi hajabisha hodi.