Wizara ya Ukweli

Wizara ya Ukweli ni chombo cha propaganda cha dola ya Oceania katika riwaya ya mwandishi Mwingereza George Orwell iliyochapishwa mwaka 1949, ambayo jina lake ni 1984. Wizara hii husimamia habari, elimu, burudani na sanaa kutoka kwenye piramidi nyeupe yenye kimo cha mita 300 jijini London.

Kazi yake kubwa ni kuirekebisha jana. Mhusika mkuu, Winston Smith, huandika upya matoleo ya zamani ya gazeti la The Times ili utabiri wa Chama kinachotawala Oceania usionekane ulikosea kamwe. Nakala za awali huchomwa moto. Mfano mkali kuliko yote ni wa chokoleti. Mgawo wa wiki unatangazwa kushushwa kutoka gramu 30 hadi 20, na kesho yake runinga inaarifu kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, kwa kuupandisha hadi gramu 20. Wengi wanameza bila kutafuna. Atakayebisha atashika ushahidi gani, wakati magazeti yote yamekwisha kubadilishwa?

Orwell hakubuni haya hewani. Kati ya 1941 na 1943 alitayarisha vipindi vya BBC vya kurushwa India, na mkewe, Eileen, alipata kufanya kazi katika udhibiti wa habari za vita. Jengo la Senate House la Chuo Kikuu cha London, makao ya Wizara ya Habari ya Uingereza wakati huo, hutajwa mara nyingi kuwa ndilo lililompa sura ya piramidi hiyo.