Marmon Wasp, Mshindi wa Indianapolis, 1911

Mfano huu, uliofanyizwa kwa kipimo cha 1:43, ni sura ya Marmon Wasp, gari la manjano la nambari 32, lililoundwa na kampuni ya Nordyke & Marmon ya Indianapolis, Marekani, ambalo dereva Ray Harroun, akipokewa kwa muda na Cyrus Patschke, alishinda nalo tarehe 30 Mei 1911 mashindano ya kwanza ya maili 500 (kilomita 805) katika njia ya duara refu iliyosakafiwa matofali, kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa.

Tazama mkia uliochongoka kama mwiba wa nyigu, na kiti kimoja tu. Kwani wakati wapinzani wake walichukua fundi wa kuwaangalizia nyuma, Harroun alitia kioo mbele yake.

Kwa kuwa magari mengi ya zama hizo yalivunjwa au kugeuzwa umbo, wakusanyaji huhifadhi mifano kama huu ili athari ya mafundi wale isipotee. Gari la asili limehifadhiwa katika makumbusho ya Indianapolis Motor Speedway.

Tafadhali usiegemee kabati.