Kuchelewa, Kushindwa, Kuvunjika: Msamiati wa Ahadi Zisizotimizwa katika Historia ya Bandari ya Port Bell

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika vitabu vya historia, husemwa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ni nadra kusoma kwamba ilivunjwa. Tofauti hiyo ya kiambishi si ndogo. Kauli ya kutendeka hutaja jambo lililotokea bila kumdai mtenda, ilhali kauli ya kutendwa humwacha msomaji na swali: na nani? Makala hii inachunguza maneno ya Kiswahili yanayotaja uchelewaji na kutotimiza wajibu, kwa kuyaweka mbele ya historia ya bandari moja, Port Bell ya Kampala. Hoja yake ni kwamba maneno yanayotumiwa zaidi katika uwanja huu humwondolea mtu lawama, na kwamba desturi hiyo, ambayo ni ya haki kwa msafiri, si ya haki inapohamishiwa kwa dola.

Msafiri aliyekuchiwa

Kitenzi kuchelewa kinatokana na -cha, kile kile tunachokisikia katika "kumekucha" na "usiku kucha". Kimepitia kauli ya kutendea na ya kutendwa, hivyo aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni yule aliyekuchiwa: siku imempambazukia kabla hajaondoka. Kiganda, lugha inayozunguka Port Bell, kina wazo hilo hilo. Obudde bukya ni kupambazuka, na kutokana na mzizi huo hupatikana okukeerewa, yaani kuchelewa. Lugha zote mbili huhesabu saa kuanzia asubuhi: saa moja ya Mswahili ndiyo ssaawa emu ya Mganda. Kwa wote wawili, kipimo cha kuchelewa kilikuwa jua kabla ya kuwa ratiba.

Kushindwa nako kumejengwa vivyo hivyo. Asemaye "nimeshindwa kulipa" anasema kuna kitu kilichomshinda. Kiganda husema okulemwa, kutokana na okulema, kumzidi mtu nguvu. Maneno haya yana adabu, na mara nyingi yana ukweli. Nahodha wa jahazi anayesubiri upepo, au mvuvi aliyezuiwa na dhoruba ziwani, hana kosa la kuungama.

Hata hivyo, Kiswahili kina safu nyingine ya maneno ambayo mtenda hawezi kujificha ndani yake. Kukiuka, kwa asili, ni kupita juu ya kitu, kama mtu aurukaye mpaka akiuona. Kuhalifu ndiko kulikozaa mhalifu. Kuchelewesha na kuzuia hudai mtenda. Na methali "ahadi ni deni" humgeuza aliyeahidi kuwa mdaiwa.

Bandari na ahadi zake

Port Bell, iliyoko Luzira pembezoni mwa Kampala, ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1906 hadi 1909. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini haikuingia Kampala hadi 1931. Katika miaka hiyo bidhaa za Kampala zilihamishwa kutoka garimoshi hadi meli na kuvuka ziwa. Bandari hii iliishi kwa kutegemea kwamba upande wa pili utatimiza sehemu yake.

Utegemezi huo uliwekwa katika mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Reli, bandari, posta na ndege zikawa mashirika ya pamoja, na meli za Umoja na Uhuru zikabeba mabehewa ya reli kuvuka ziwa. Baada ya mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971, Rais Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya marais watatu haikukutana tena. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, fedha za reli zilizokusanywa katika nchi moja moja zilizuiwa zisifike makao makuu Nairobi. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Vitenzi hivi ni vya kutenda: kukataa, kuzuia, kufunga. Jumla yake ndiyo tunayoiita "kuvunjika".

Mali na madeni viligawanywa kwa makubaliano ya Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Uhuru ikawa ya Kenya na Umoja ya Tanzania, na Uganda ikalazimika kujipatia meli zake yenyewe. Mbili kati ya hizo, Kabalega na Kaawa, ziligongana Mei 2005 na Kabalega ikazama. Kila nchi ilipewa pia wajibu wa kuwalipa pensheni raia wake waliotumikia mashirika hayo. Miongo miwili baadaye wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki yao mahakamani. Kusema kwamba malipo yao "yalichelewa" ni kusema kana kwamba kulikucha tu yakiwa bado njiani.

Hitimisho

Suala hili si la kale pekee. Ibara ya 143 ya Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini mwaka 1999, inahusu hatua dhidi ya nchi isiyotimiza wajibu wake wa kifedha na mwingineo. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri akiandika "nchi iliyoshindwa kutimiza", ameingiza utetezi ndani ya shtaka. "Nchi isiyotimiza" huacha sababu ithibitishwe. Makala hii inapendekeza kwamba katika maandishi ya kisheria kushindwa kutumike pale tu kizuizi kinapoweza kutajwa.

Lugha yenyewe ina mfano wake. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za utekelezaji Julai 2022, miaka 17 baadaye. Tunaweza kusema kwamba Kiswahili kilichelewa, au kwamba kilicheleweshwa. Sarufi inaruhusu yote mawili. Mwanahistoria, akiwa na tarehe na hati mbele yake, anapaswa kuchagua lile linaloacha nafasi ya kumuuliza mtenda.