Sonona: Kazimoto na Mama Muuza Dagaa

Katika hospitali na magazeti ya Tanzania, ugonjwa unaoitwa dipresheni ughaibuni unaitwa sonona. Neno limetokana na kitenzi cha maumivu: jambo humsonona mtu, naye akasononeka. Kitenzi hicho hakitengi mwili na moyo, na ndiyo maana naona walioliteua walipatia. Washindani wake wana kasoro. Unyogovu, ambalo simu nyingi hulitoa zikitafsiri, limekaa jirani mno na ulegevu, na mgonjwa wa namna hii tayari ameshaitwa mvivu na watu wa nyumbani kwake. Mfadhaiko unaashiria kubabaika na kuhangaika, ilhali wengi wa wagonjwa hawa wamenyamaza tu. Msongo wa mawazo ni jambo jingine kabisa. Huo ni mzigo wa ada, kodi na mikopo, na mara nyingi mzigo ukitua, mtu hupumua.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataja dalili 9 za ugonjwa huu. Mgonjwa awe na angalau 5 kwa wakati mmoja, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2, na mojawapo iwe ni huzuni au kutofurahia tena chochote. Nyingine zinahusu usingizi, ulaji, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutulia au kuwa mzito wa mwendo, akili kutokazia jambo, na fikra za kifo. Hali hiyo iwe imemvurugia maisha.

Orodha ni orodha. Unaweza kuikariri yote na bado ukakaa meza moja na mgonjwa usimtambue. Hapo ndipo uchunguzi kifani unapoingia: mtu mmoja anaelezwa kwa kirefu, jinsi alivyokuwa zamani, kilichobadilika, maneno aliyoyatumia. Tuchukue kisa kimoja, cha kubuni kama vinavyobuniwa vya kufundishia. Mama wa miaka 41 anauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza. Alikuwa akifika sokoni kabla magunia hayajashushwa. Sasa anaamka saa tisa usiku, anakodolea bati macho mpaka kuche, na kukikucha hawezi kutoka kitandani. Zahanati amekwenda mara mbili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Kipimo cha malaria hakioni kitu, anarudi na panadol. Mara ya tatu anampata nesi asiye na haraka. Nesi haulizi kama ana huzuni. Anauliza siku hizi mama anakula nini, na kama akifika sokoni bado anapiga soga na wenzake.

“Mwanangu, hao dagaa wenyewe nawaona kama mchanga,” anajibu. “Nawaza sana.”

Nawaza sana. Kauli hiyo tunaisikia kila siku na kuipita. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nalo limeingia katika mwongozo ule ule wa 2013. Huko huko Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwapa mafunzo bibi wa mitaa ya Harare wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Bibi hao walizungumza kwa msamiati wao, si wa madaktari.

Kisa cha hospitali, hata hivyo, kinamtazama mgonjwa kwa nje. Riwaya inaweza kutuingiza ndani, na Kiswahili kina riwaya iliyofanya hivyo mapema: Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, kijana wa Ukerewe anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misiba inamwandama, dada yake Rukia akiwa miongoni mwa wanaofariki, na mwishowe Kazimoto anajiua.

Wahakiki wengi wamemsoma Kazimoto kwa jicho la udhanaishi, falsafa inayouliza kama maisha yana maana yoyote. Wana hoja nzito, kwa kuwa Kezilahabi aliisoma falsafa hiyo na kuisumbukia. Lakini msome tena ukiwa na kazi ya Aaron Beck mkononi. Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, alifunzwa katika mapokeo ya Freud, ambaye katika insha yake ya 1917 alidai kuwa mwenye sonona amegeuzia hasira yake ndani. Kufikia miaka ya 1960, Beck alikuwa amezichunguza ndoto na maneno ya wagonjwa wake, na badala ya hasira akakuta kushindwa na kupoteza. Wagonjwa walijidharau, waliuona ulimwengu umewafungia milango, na kesho hawakuitarajia. Mambo hayo matatu yakawa msingi wa tiba yake. Pitia sauti ya Kazimoto ukiyatafuta, uone jinsi swali la maana ya maisha linavyoweza kuwa la mwanafalsafa na la mgonjwa kwa pamoja. Msomaji halazimiki kuchagua moja.

Ila Kazimoto si mgonjwa wa mtu yeyote. Hatuwezi kumuuliza amelala saa ngapi. Mwandishi amempangia misiba ili kifo chake kieleweke, na hapo riwaya inaweza kutupotosha, kwa sababu sonona inaweza kuja bila sababu ya kuonyesha. Mama wa Mwaloni huenda hakufiwa, hakuachwa, hakuibiwa. Majirani watakaotafuta msiba kwanza ndipo wamwamini watachelewa.

Kwa upande mwingine, si kila aliyefiwa anaumwa. Toleo la 4 la mwongozo lilikuwa likiwaondoa waliofiwa ndani ya miezi 2 wasihesabiwe kuwa wagonjwa. Toleo la 5 limekiondoa kifungu hicho, na mabishano yakawa makali. Nadhani waliokiondoa walifanya sawa, mradi daktari akumbuke tofauti moja: mfiwa huumia kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi anaweza kucheka akimkumbuka marehemu, ilhali mwenye sonona hujiona yeye mwenyewe hafai, na hali hiyo haimwachii nafasi.

Ipo hojaji ya maswali 9, iliyotolewa 2001 na kutafsiriwa kwa Kiswahili, inayofuata dalili zile 9. Swali la mwisho linauliza kama katika wiki 2 zilizopita mtu amefikiri kuwa ni heri afe, au ajidhuru. Wengi hulikwepa wakiogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazijaona kuwa kuuliza kunaongeza hatari, na baadhi ya wanaoulizwa huona nafuu. Basi liulizwe kwa Kiswahili kilichonyooka: “Mama, umewahi kufikiria kujiua?” Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo.