Neno la Mtumwa

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, mji wa koloni la Waingereza huko Marekani, ikiletwa na meli. Walinzi waliwekwa kwenye nyumba za wagonjwa, lakini ugonjwa ulienea. Mchungaji Cotton Mather akakumbuka alichosimuliwa na Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake: kwao mtu mzima wa afya alichanjwa, akatiwa usaha kidogo wa ndui, akaugua kidogo, asiugue tena. Daktari Zabdiel Boylston akaanza na mwanawe wa miaka 6.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema ni kumjaribu Mungu. Wengine walidharau neno lililotoka kwa Waafrika. Wengine waliogopa kwamba waliochanjwa wangewaambukiza jirani, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Bomu lilirushwa nyumbani kwa Mather, halikulipuka.

Kati ya wagonjwa karibu 6,000, walikufa 844. Kati ya waliochanjwa, 240 hivi, walikufa 6.

Wakati wa Korona nasi tulibishana, hata sharikani. Wapendwa, kuuliza si dhambi. Ila Naamani alipona kwa kuwa neno la kijakazi lilisikilizwa (2 Fal. 5). Tulipime neno lenyewe, tusimpime aliyelileta.