Aduwi naye ako na jina: mchezo The Last of Us Part II

Mchezo huu wa video, wa kampuni ya Marekani Naughty Dog, ulitoka mwezi wa sita 2020. Unaongoza Ellie, msichana anayeenda Seattle kulipiza kisasi: Abby, askari wa kundi la WLF, aliua Joel, mwanaume aliyemlea. Unawapiga risasi wale askari, na hapo ndipo moyo unaanza kusumbuka: mmoja akianguka, wenzake wanalia jina lake. Hata imbwa zao ziko na majina.

Katikati, mchezo unakugeuza Abby na kukurudisha siku tatu nyuma. Unaingia katika stade wanamoishi: mashamba, darasa la watoto, mahali pa kulia. Unacheza na Alice, imbwa ambayo wewe mwenyewe uliiua ukiwa Ellie! Unaona pia baba ya Abby, munganga, ambaye Joel alimuua.

Wachezaji wengi walikasirika, juu hawakutaka kuwa Abby. Mimi naona ile hasira ilitafutwa makusudi. Lakini WLF haisafishwi: inatesa wafungwa, na mwishowe Abby anaigeuka ili aokoe Lev, mtoto wa upande wa aduwi.