Ambreyaji ya pikapu inasumbua: tafuta ugonjwa mbele ya kushusha bwati

Shoferi anayepandisha mlima wa Ngomo kati ya Kamanyola na Nyangezi, ao wa Kabasha ku barabara ya kitaifa namba 2, anaijua ile harufu. Pikapu imejaa magunia, watu wamekaa juu ya mizigo, motere inalia kwa nguvu lakini magurudumu hayafuati. Kisha kunanuka kama kitambaa kinachoungua. Hapo ambreyaji imekwisha kuchoka, na mahali pazuri pa kusimama hakuna.

Mara nyingi dalili zilikuwa zinaonekana tangu siku nyingi. Na mara nyingi pia mwenye gari analipa bure: bwati ya vitesi inashushwa, piesi mpya zinanunuliwa, kumbe tatizo lilikuwa mpira mdogo unaovujisha mafuta. Ndiyo sababu tunaeleza hapa namna ya kutafuta ugonjwa hatua kwa hatua.

Inafanya kazi namna gani?

Ambreyaji, ile ndugu zetu wa Uganda na Tanzania wanaita klachi, iko kati ya motere na bwati. Ndani yake diski imebanwa kati ya vola (gurudumu zito la chuma nyuma ya motere) na plato yenye springi. Pedali ikiwa juu, diski inabanwa na nguvu ya motere inapita mpaka ku magurudumu.

Ukikanyaga pedali, emeteri inasukuma mafuta ndani ya bomba jembamba mpaka ku resepteri, ubavuni mwa bwati. Resepteri inasukuma fursheti, fursheti inasukuma bute, bute inabonyeza springi za plato, na diski inaachiliwa. Gari zingine za zamani zinatumia kable pahali pa mafuta.

Basi magonjwa makubwa ni mawili: ao ambreyaji haibani vizuri, ao haiachilii vizuri. Jiulize kwanza ni gani kati ya hayo mawili. La kwanza mara nyingi linalazimisha kushusha bwati. La pili mara nyingi linatengenezwa bila kushusha kitu.

Anza na vile unaona kwa macho

Fungua boneti, angalia kopo la mafuta ya ambreyaji. Yanatumika mafuta ya freni, aina iliyoandikwa ku kifuniko, kama DOT 3 ao DOT 4. Yakipunguka, yanavuja pahali fulani. Usiongeze tu na kwenda. Na usitie wili ya motere, inaharibu mipira yote ya ndani.

Tafuta unyevu pahali pawili. Pa kwanza, ndani ya kabini, juu ya pedali, pale fimbo inaingia ku emeteri. Pa pili, chini ya gari: vuta ile mpira inayofunika mwisho wa resepteri; kukiwa mafuta ndani, resepteri imekufa.

Kisha bonyeza pedali kwa kidole. Inapaswa kushuka kidogo bila uzito, karibu milimita 5 mpaka 15 ku pikapu nyingi za Toyota. Kama hakuna nafasi hiyo, bute inasukumwa wakati wote na diski haibanwi vizuri. Nafasi ikizidi, ambreyaji haiachilii mpaka mwisho. Angalia pia kapeti: ikiwa nene chini ya pedali, pedali haifiki chini.

Ugonjwa wa kwanza: inapatina

Dalili yake: ukitia mafuta, motere inapanda lakini mwendo hauongezeki, sana sana ku mlima na mzigo. Pedali inashika karibu na juu kabisa. Harufu ya kuungua inakuja.

Jaribu hivi. Weka gari pahali sawa, funga magurudumu kwa mawe, vuta freni ya mkono, mtu yeyote asikae mbele ao nyuma ya gari. Motere ikiwa na moto, tia vitesi ya 4, pandisha motere kidogo, halafu achilia pedali kama kawaida. Ambreyaji nzima inazimisha motere mara moja. Motere ikiendelea kuzunguka na gari imesimama, diski inateleza. Fanya jaribio hili mara moja tu. Kulirudia kunachoma diski.

Sababu ni diski iliyokwisha, plato iliyochoka, pedali isiyo na nafasi, ao mafuta yaliyofika ku diski. Mafuta hayo yanatoka ku mpira wa nyuma wa motere ao wa mbele wa bwati. Kama hautabadilisha mpira huo, diski mpya nayo itaharibika.

Angalisho: gari inayopatina ni hatari hata ku mteremko. Motere haishikilii tena gari vizuri, kazi yote inabaki ku freni, na freni zikipata moto sana zinakataa. Usishuke Ngomo na mzigo katika hali hiyo.

Ugonjwa wa pili: haiachilii

Hapa vitesi zinaingia kwa nguvu, ya kurudi nyuma inapiga kelele ya meno, ao gari inataka kutembea na pedali iko chini.

Zima motere, jaribu vitesi zote. Zikikataa hata motere ikiwa imezimwa, angalia bwati ao fimbo za vitesi. Zikiingia vizuri, halafu zikataa motere ikizunguka, basi ni ambreyaji.

Sasa piga pedali haraka mara 4 ao 5, kisha tia vitesi. Ikiingia vizuri, kuna hewa ndani ya bomba ao emeteri imechoka. Mwambie mwenzako akanyage pedali, wewe uangalie fimbo ya resepteri kama iko nje. Ikisogea kidogo tu, tatizo liko ku mafuta: emeteri, resepteri, bomba ao hewa. Ikisogea vizuri na vitesi bado zinakataa, ugonjwa uko ndani: diski iliyopinda, plato iliyovunjika, ao diski iliyoshikamana na vola kwa kutu juu gari ilisimama muda mrefu ku unyevu.

Sikiliza makelele

Kelele ikikuja wakati unakanyaga pedali, shuku bute. Kelele ikiwepo pedali ikiwa juu bila vitesi, na ikipotea ukikanyaga, shuku rulema ya bwati. Gari ikitetemeka wakati wa kuondoka, angalia kwanza mipira inayoshika motere na bwati. Ikiwa mizima, pengine diski imeungua ao imepata mafuta.

Ikikufia njiani

Kama pedali haiachilii kabisa na njia iko sawa na tupu, zima motere, tia vitesi ya 1, washa ufunguo: gari inaondoka yenyewe pole pole. Ni ya kutoka pahali pabaya na kufika ku garaji ya karibu. Usifanye hivyo katikati ya watu ao ku soko.

Kama ni lazima kushusha bwati

Badilisha diski, plato na bute pamoja, juu kazi ya kushusha ni ileile. Mbele ya kufunga, linganisha diski ya zamani na mpya: upana, na hesabu ya meno ya katikati. Chunguza vola kama ina nyufa ao alama za buluu za moto. Vumbi la diski za zamani linaweza kuwa na amianti inayoharibu mapafu: usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Ili idumu

Usiache mguu juu ya pedali ukitembea. Ku mlima, shikilia gari kwa freni, hapana kwa ambreyaji. Ku matope na mwanzo wa mlima mkali, kama pikapu yako iko 4x4, tia vitesi ndogo: nguvu inaongezeka zaidi ya mara mbili na diski haiteswi.

Na mbele ya kulipa, omba fundi akuonyeshe kwa macho yako kile kimekufa: mpira wenye kulowa, ao diski iliyokwisha. Fundi mwenye kujua kazi hakatai kuonyesha.